Watiri Ashuka Sakafuni

Njoki hakuwa na mchezo na kazi. Kabla ukungu haujaondoka Giakanja, huko Nyeri, mashine yake ya kufuma sweta ilikuwa imeanza kulia. Kraa, kraa, kraa. Mkono wa kulia ulisukuma mpini, wa kushoto ulinyoosha uzi. Ukipita nje ya nyumba yake saa kumi na mbili asubuhi, ungeisikia.

Mwezi wa saba huo baridi ilikuwa kali. Shule moja ya karibu ilikuwa imeagiza sweta mia mbili za kijani. Zilitakiwa kabla ya muhula wa tatu kufunguliwa. Kazi kubwa kama hiyo haikuwa imewahi kuja mlangoni kwa Njoki, na aliishika kwa mikono miwili.

Mtoto wake, Watiri, alikuwa na miezi minane. Asubuhi alikaa juu ya meza, kando ya mashine, ndani ya baunsa. Baunsa ni kile kiti cha kitambaa ambamo mtoto hulala nusu, na akirusha miguu kinadundadunda. Ilipofika saa nne, Njoki alimhamishia kwenye bembea ya mlangoni. Hiyo ilikuwa na mkanda wa kiunoni na springi, na ilining'inia kutoka kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Watiri aliruka humo mpaka saa sita. Akichoka, alirudishwa kwenye baunsa, akalala humo humo.

Chini hakuwekwa hata siku moja. Sakafu ilikuwa ya simiti, na simiti ya Giakanja mwezi wa saba ni kama barafu.

"Mtoto wangu hatashikwa na nimonia nikiangalia," Njoki alisema.

Kwa hiyo alimvalisha sweta tatu. Yeye ni fundi wa sweta, angewezaje kumpa mtoto moja? Alimfumia pia suruali nene na kofia yenye masikio. Watiri alionekana kama kabichi.

Mume wa Njoki, Gikonyo, alikusanya maziwa ya wakulima kwa pikipiki. Alirudi saa nne kunywa chai, na kila siku alimsalimia mtoto kwa heshima.

"Maitu, umeamkaje?"

Maitu maana yake ni "mama yangu". Kwa desturi yao, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Watiri mkubwa, mama wa Gikonyo, aliishi Kangari, Murang'a, kwenye mashamba ya majani chai. Watu wa nyumbani walimwita Cucu, yaani nyanya. Yeye na mjukuu walikuwa na jina moja, na Cucu alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Mtoto akicheka, Cucu alisema, "Nimecheka." Mtoto akiota jino, Cucu aliwatangazia wachuma chai wenzake, "Nimeota jino."

Ile bembea ya mlangoni ilinunuliwa na Cucu mwenyewe. Aliipata kwenye mitumba, mtoto akiwa na miezi minne. Aliileta ndani ya kikapu, juu ya ndizi.

"Hii itamfanya atembee haraka," alisema. "Mimi nilitembea nikiwa na miezi tisa. Akina Watiri hawachelewi."

Sasa alikuja kuangalia kama jina lake linaendelea vizuri.

Alifika siku ya Jumamosi. Alinawa mikono, akamtoa mjukuu kwenye bembea, akamketisha kwenye kochi. Watiri akaegemea kushoto, polepole, kisha akaanguka kama mkungu wa ndizi. Cucu akamwinua. Akaanguka kulia. Cucu akamwinua tena. Akaanguka kifudifudi, pua ndani ya mto, na hakuweza kujiinua. Mikono yake ilibaki imenyooka pembeni. Akalia.

Cucu alimbeba, akampapasa mgongo. Kisha akasema, "Njoki, mtoto ana miezi mingapi?"

"Minane, Mama."

"Minane. Na haketi?"

"Ataketi, Mama. Kila mtoto na wakati wake."

"Wa binti yangu aliketi na sita. Huyu ako na miguu ya kuruka, lakini mgongo hana. Nani anamshika hapa mchana?"

Cucu aligeuza macho, akaiangalia mashine, marundo ya sweta za kijani, na ile baunsa juu ya meza.

"Nimeona," alisema. "Mtoto analelewa na mashine."

"Mama, wacha," Gikonyo alisema.

"Siwachi. Njoki, mimi sikatai ufanye kazi. Fuma sweta zako. Lakini mwisho wa mwezi wa nane nitarudi. Nikikuta bado anaanguka hivi, nitaenda naye Kangari. Nitamlea mimi mpaka atembee. Hata mwaka."

Njoki alimtazama mumewe. Gikonyo alitazama kikombe chake.

"Si pia ungesema kitu?" Njoki alimwambia baadaye, Cucu alipokuwa ameshaenda.

"Niseme nini? Ni mama yangu, na mtoto ni jina lake."

"Na mimi ni nani? Mfuko wa kubebea jina?"

Jumatatu mashine ililia tena, lakini Njoki alikosea mistari, akafumua, akaanza upya. Wiki sita tu hadi Cucu arudi. Akiacha kufuma ili ashike mtoto, kazi ya shule ingeenda kwa mtu mwingine. Akifuma, mtoto angeenda Kangari. Alisukuma mpini kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegombana nao.

Meza ikatikisika. Kila mpini ulipokwenda na kurudi, baunsa ilisogea. Kidogo tu, upana wa kidole. Njoki alikuwa amegeuza uso kutafuta uzi ulioisha. Hakuona mguu mmoja wa baunsa ukipita ukingo wa meza.

Mlango ulikuwa wazi. Jirani yao, Phelister, aliingia kuulizia sweta ya mwanawe. Alikuwa muuguzi wa zahanati, na watu wote wa ploti, zile nyumba za kupanga walimoishi, walimwita Sista. Mumewe alikuwa polisi. Walihamia Nyeri kutoka magharibi miaka minne iliyopita.

"Hodi hapa, Mama Wat..."

Hakumaliza. Alitupa mkoba, akaruka hatua mbili, akaidaka baunsa kwa mikono na tumbo. Watiri alikuwa ameshaelekea chini, kichwa kwanza. Mikanda ya kiti haikuwa imefungwa.

Mashine ilinyamaza.

"Mungu wangu," Njoki alisema. Akaketi juu ya rundo la sweta.

Phelister alimtoa mtoto, akamkagua kichwa, mikono, miguu. Watiri alimtazama tu, akashika pua yake.

"Ako sawa," Phelister alisema. Kisha akageuka. "Mama Watiri, nani alikwambia baunsa inawekwa juu ya meza?"

"Chini kuna baridi, Sista."

"Baridi haivunji fuvu la kichwa. Meza inavunja. Hii kitu mahali pake ni sakafuni. Si meza, si kitanda, si kochi. Hata bila mashine, mtoto mwenyewe akirusha miguu inatembea. Na mikanda? Umeifanya ya urembo?"

Njoki alifuta macho kwa sweta ya kijani. Akaanza kueleza yote kwa mkupuo mmoja: Cucu, Kangari, mwisho wa mwezi wa nane, sweta mia mbili.

"Mwambie Cucu asinichukulie mtoto," alisema. "Wewe ni Sista, atakusikia."

"Mimi siendi kugombana na mama mkwe wa mtu," Phelister alisema. "Lakini jambo moja amesema kweli. Mtoto wa miezi minane anafaa kuwa anaketi, ama karibu kuketi. Kwa siku, Watiri anakaa chini kwa muda gani?"

"Chini wapi?"

"Chini. Sakafuni. Kwa tumbo lake."

"Hakai."

"Hata dakika kumi?"

"Sista, nimekwambia kuna baridi!"

Phelister aliketi kwenye kochi, mtoto mapajani. Alimvua kofia. Akamvua sweta ya kwanza. Akakuta ya pili. Akamvua, akakuta ya tatu. Akaanza kucheka.

"Mama Watiri, ndani kuna mtoto kweli, ama ni sweta tu?"

Njoki alicheka pia, bila kutaka.

"Sasa wewe hebu vaa sweta tatu, halafu ujaribu kujiinua kutoka chini. Utaweza?" Phelister alimkunja Watiri magoti, akamshika mikono na kumwinua taratibu. "Miguu inakunjika vizuri. Mikono iko na nguvu. Mimi sioni ugonjwa. Lakini kesho mlete kliniki tumpime sawasawa, ili tusikisie. Akifikisha miezi tisa bila kuketi peke yake, lazima daktari amwone. Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini miguu yake iko na nguvu, Sista. Anaruka kwa bembea asubuhi yote."

"Hiyo ndiyo shida ya pili. Mweke ndani nione."

Njoki alimfunga mtoto kwenye bembea. Watiri alifurahi, akaanza kuruka.

"Angalia vidole," Phelister alisema. "Anagusa chini na nini?"

Njoki aliinama. "Na ncha ya vidole."

"Kila siku, kwa saa mbili nzima, anajifunza kusimama kwa ncha ya vidole. Na mgongo wake unashikwa na nini?"

"Na mkanda."

"Basi mgongo ujifunze kazi ya nini, kama mkanda unaifanya? Bembea haifundishi mtoto kutembea. Inamfundisha kuruka akiwa amefungwa. Mtoto akiachwa humo siku nzima, kuketi na kutambaa vinaweza hata kuchelewa."

"Kwa hivyo ni sumu?"

"Si sumu. Ni mchezo. Mtoto anayeshika kichwa vizuri anaweza kucheza humo dakika kumi, kumi na tano, mara moja ama mbili kwa siku, wewe ukiwa hapo. Nyayo nzima ziguse chini. Baunsa pia hivyo hivyo. Mtoto mdogo, ambaye hajajua kuketi, unamweka humo dakika ishirini akiwa macho, umfunge mikanda, upike ugali wako. Huyu sasa ni mkubwa. Akianza kutaka kuinuka, baunsa imeisha kazi."

"Na kulala humo?"

"Hapana. Akilala ameinama, kidevu kinakuja kifuani, na njia ya pumzi inabanwa. Anaweza kukosa hewa bila hata kulia. Akisinzia, mtoe. Mlaze kwa mgongo, kwenye godoro tambarare, bila mito."

Njoki alikumbuka zile saa zote Watiri alizolala kwenye kile kiti, kofia imemshukia machoni.

Gikonyo aliingia wakati huo kunywa chai. Alisikia habari yote, akakunja uso.

"Sista, hiyo bembea Mama alinunua kwa mapenzi. Tukiitoa atasema tumemdharau. Na mimi niliifunga imara. Hata mimi inaweza kunibeba."

"Mtoe mtoto kwanza," Phelister alisema. "Halafu uivute."

Njoki alimtoa Watiri. Gikonyo akashika mkanda kwa mkono mmoja, akauvuta kama anayekaza kamba ya madebe ya maziwa. Kra! Kipande cha fremu kikashuka, misumari na vumbi pamoja, kikamgonga begani. Ndani, mbao ilikuwa imeliwa na mchwa, laini kama mkate.

Gikonyo alisimama ameshika bembea, akiangalia misumari. Kisha akaikunja, akaiweka nje.

"Mama nitamweleza mimi," alisema.

Siku iliyofuata Njoki, Gikonyo na mtoto walikwenda kliniki. Daktari alimpima Watiri, akasema ana afya. Alichokosa ni nafasi ya kujisogeza. Phelister alimwonyesha Njoki namna ya kumlaza mtoto kwa tumbo na kumwekea kitu mbele akifuate. Aanze na dakika chache, mara nyingi kwa siku.

Ilibaki baridi. Hiyo Njoki aliijua, kwa sababu baridi ndiyo kazi yake.

Alitandika katoni za sabuni sakafuni, tabaka mbili. Juu yake akatandika magunia safi. Kisha akachukua mabaki ya nyuzi yote yaliyojaa chini ya meza, ya kijani, ya maruni, ya buluu, akafuma vipande vinene na kuviunganisha vikawa mkeka mpana kama kitanda. Akaweka kiganja juu. Joto. Akamvalisha Watiri sweta moja na suruali nyepesi, akamwacha bila soksi ili vidole vishike. Akamlaza kwa tumbo.

Watiri alilia kana kwamba amechomwa sindano.

Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alilia. Siku ya tatu Njoki alikuwa na sweta kumi za kumaliza, na kelele zilimwingia kichwani. Alitazama nje, pale bembea ilipowekwa.

"Ningemfunga hata kwenye mti," alimwambia Phelister jioni, "ili anyamaze."

"Unamwacha peke yake huko chini?"

"Si niko hapa, kwa mashine?"

"Wewe uko juu, yeye yuko chini, anaona miguu ya meza tu. Hata mimi ningelia. Shuka."

Njoki alishuka. Alilala kwa tumbo kwenye mkeka, uso kwa uso na binti yake. Watiri akaacha kulia. Akamtazama mama yake kwa mshangao, maana hakuwa amewahi kumwona huko. Akainua kichwa. Akasukuma mkono mmoja. Akasukuma wa pili. Kifua kikanyanyuka kutoka kwenye mkeka, kikatetemeka, kikakaa juu kwa muda wa kuhesabu mpaka nne.

"Sista! Umeona?"

"Nimeona. Ni wewe ulikuwa hujaona."

Tangu siku hiyo Njoki alipata mwendo wake. Alifuma mistari hamsini, kisha akashuka. Mistari hamsini, kisha akashuka. Alidhani atachelewa. Badala yake mgongo wake mwenyewe uliacha kuuma, na makosa yakapungua. Gikonyo naye alikunywa chai yake ya saa nne akiwa ameketi mkekani. Alilaza kifuniko cha debe la maziwa mbele ya mtoto, kikang'aa, na Watiri akajiburuta kukifuata.

Wiki ya pili alijigeuza mwenyewe. Wiki ya tatu aliketi akiegemea mikono yake. Wiki ya nne, Jumapili kabla ya kanisa, aliinua mikono yote miwili kupiga makofi, na hakuanguka. Njoki alipiga kelele mpaka mume wa Phelister akatoka mbio, kofia ya polisi mkononi, akidhani ni wezi.

Sweta ya mia mbili ilikatwa uzi siku ya Alhamisi, mwisho wa mwezi wa nane. Jumamosi Cucu akafika.

Alikuja amejiandaa. Alikuwa na shali mpya ya kumbebea mtoto na chupa ya uji. Alisimama mlangoni, akaona fremu mpya, bila bembea.

"Bembea yangu iko wapi?"

Njoki alifungua mdomo, lakini Gikonyo alikuwa wa kwanza.

"Niliitoa mimi, Mama. Mbao ilikuwa imeoza, ingemwangukia mtoto. Na tuliambiwa kliniki ya kwamba haimfundishi kutembea. Wewe hukujua. Hata sisi hatukujua."

"Ati haimfundishi? Na mimi nilitembea na miezi tisa!"

"Ulikuwa na bembea, Mama?" Njoki aliuliza.

Cucu alifikiri. "Bembea ya wapi? Mama yangu alikuwa anatuweka kwa ngozi ya mbuzi, hapo chini, akichambua mboga."

"Basi ndivyo nimefanya mimi," Njoki alisema.

Cucu akatazama ndani. Katikati ya mkeka wa rangi nyingi, mjukuu wake alikuwa ameketi, mgongo wima, mikono imeshika kifuniko cha debe. Hakuna mto nyuma yake. Hakuna mkanda. Alimwangalia mgeni. Kisha akaacha kifuniko, akainama mbele, akaweka viganja chini na kuinua makalio. Goti moja. Kiganja. Goti la pili. Alivuka kijani, akavuka maruni, akafika ukingo wa mkeka. Akapita kwenye simiti baridi bila kujali, akashika sketi ya Cucu kwa ngumi mbili na kuanza kujivuta juu.

Cucu alisahau kusalimia. Alisahau shali. Alijishusha pale pale mlangoni, polepole, akilalamikia magoti, mpaka akaketi chini kabisa. Watiri alimpanda mapajani.

"Nimetambaa," Cucu alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. Kisha akatoa simu, akampigia dada yake na kupaza sauti mpaka ploti nzima ikasikia. "Wee! Nimetambaa! Hapana, si kuanguka. Nimetambaa kwa simiti!"

Phelister, aliyekuwa akianika nguo nje, alicheka mpaka akaangusha kibanio.

Cucu alikaa siku mbili. Alijifunza kufuma mistari kumi, akaifanya mibaya. Alimuuliza Phelister maswali mengi kuhusu baunsa, kwa sababu binti yake mwingine alikuwa karibu kujifungua. Jumatatu alipanda gari la Murang'a. Alibeba sweta ya kijani ya ziada kwa ajili ya mchungaji wake, na uji uliobaki. Habari ya kumchukua mtoto hakuigusia hata kidogo, ila dirishani alisema, "Njoki, umefanya vizuri," akafunga kioo haraka kabla hajajibiwa.

Njoki alirudi nyumbani na binti yake mgongoni. Shule nyingine ilikuwa imeagiza sweta za maruni. Alimweka Watiri mkekani, akasukuma jiko nje, akapandisha sindano na mikasi juu ya kabati, akauzungushia mkeka benchi mbili. Akaketi kwenye mashine. Kraa, kraa. Alipofika mstari wa ishirini aligeuka.

Mkeka ulikuwa mtupu. Benchi moja ilikuwa imesogezwa. Jikoni, kitu kilikuwa kikigonga sufuria kwa furaha kubwa.

"Watiri!" Njoki aliita, akaacha mashine, akaanza kumkimbiza.